Mkia wa Ŋ: kisa cha bango la mafundi ngoma na herufi nzito zenye ncha pana

Bango la kwanza lilikaa barabarani siku nne, kisha wenyewe wakaliteremsha. Lilikuwa turubai la plastiki lililochapishwa kwa rangi safi na kufungwa kwa waya kwenye nguzo mbili kando ya barabara ya Kampala kwenda Masaka, upande wa Mpigi, ambako msafiri amezoea kuona ngoma za kila ukubwa zimepangwa nje ya vibanda kama vyungu sokoni. Juu palikuwa na mstari wa Kiganda, EŊŊOMA ZAFFE, na chini yake mstari wa Kiswahili wenye maana ileile, NGOMA ZETU. Kiswahili kilisomeka bila taabu. Kiganda kilikuwa na kasoro ambayo mgeni asingeiona na mwenyeji asingeivumilia: herufi mbili za Ŋ, zinazotamkwa kama ng' ya Kiswahili, zilikuwa nyembamba, za umbo jingine kabisa, zimesimama katikati ya wenzao wanene kama watu walioingia msiba usio wao.

Niliyesanifu bango hilo ni mimi. Ninaandika uchambuzi huu kwa sababu kosa ambalo mwanzoni lilionekana kuwa la karakana iliyochapisha, lilipofuatwa hatua kwa hatua lilirudi hadi kwenye meza yangu, na kutoka kwenye meza yangu likarudi nyuma zaidi, hadi kwenye swali la herufi za namna hii zilitokana na kazi gani ya mikono na zilichorwa kwa ajili ya lugha zipi.

Kazi niliyopewa na kikundi hicho cha mafundi ngoma ilikuwa na sehemu nne: bango la barabarani, chapa ya moto ya kugonga kwenye mbao za ngoma, lebo ya karatasi ya kuning'inizwa, na kijitabu cha kurasa 16 kinachoeleza namna ya kutunza ngoma nyumbani, yaani iwekwe wapi wakati wa masika, ngozi ikaushwe vipi ikilegea, na kamba zikazwe lini. Kijitabu kilitakiwa kiwe cha Kiganda na Kiswahili. Kiganda hakikuhitaji hoja. Kwa upande wa Kiswahili, katibu wa kikundi, kijana anayefuatilia habari, alinikumbusha kwamba marekebisho ya katiba ya 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda na kwamba Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kitekelezwe hivyo. Mzee wa kikundi, ambaye alijifunza Kiswahili chake jeshini kama wengi wa rika lake, alikuwa na hoja fupi zaidi: walimu wa kwaya kutoka Kenya, Tanzania na mashariki ya Kongo husimama pale wakitafuta ngoma, na bei haipatani kwa ishara za vidole.

Kuhusu sura ya maandishi waliomba jambo moja tu, herufi zenye nguvu ambazo hazitafanana na za benki. Nililielewa ombi hilo mara moja. Mabango yetu mengi siku hizi yameandikwa kwa herufi zisizo na serifi, yaani vile vijimguu vidogo kwenye ncha, zenye nguzo (mistari ya wima) za unene mmoja kutoka juu hadi chini, na mtu akisafiri kutoka Kampala hadi Kayabwe, pale mstari wa ikweta unapokata barabara, ataona duka la simu, zahanati na kituo cha mafuta vikizungumza kwa sauti moja. Upande wa pili zipo herufi nzito zenye serifi bapa za mraba, ambazo kwa macho yangu hufanana na tangazo la mkutano wa siasa. Nikachagua njia iliyo katikati, herufi nzito zenye ncha zilizotanuka.

Asiyezijua azifikirie kwa mfano wa mchi. Mchi wa kutwangia umekonda kiunoni, pale mkono unaposhika, na unanenepa taratibu kuelekea ncha zote mbili. Nguzo ya herufi ya aina hii imejengwa hivyohivyo: haina serifi iliyobandikwa juu yake kama kofia, lakini haikukatika ghafla kama bomba, inaanza kutanuka kabla ya kufika mwisho, na ukingo wake hukatwa kwa pembe kali. Mfaransa Maximilien Vox, mtaalamu wa uchapaji, alipozipanga herufi za chapa katika makundi mwaka 1954, aliziweka zenye asili ya kuchongwa katika kundi lao peke yao, na kundi hilo ndilo linalobeba ukoo huu hadi leo.

Neno "kuchongwa" linahitaji kutazamwa kwa makini, kwa sababu kisa chote kiligeukia hapo. Herufi kubwa za Kirumi zilizokatwa kwenye kitako cha nguzo ya kaisari Trajan mjini Roma, yapata mwaka 113, zina nguzo zinazotanuka kidogo kuelekea serifi ndogo kali, na kwa muda mrefu watu waliamini kwamba sura hiyo ni matokeo ya patasi. Mwaka 1968 Edward Catich, padri Mmarekani ambaye aliwahi kufanya kazi ya kuandika mabango, alitoa hoja kwamba maneno yale yalipakwa kwanza kwa brashi bapa, na mchongaji akafuata rangi. Yeyote aliyesimama nyuma ya mchora mabango wa Kampala wakati anaandika jina la duka ukutani ataielewa hoja hiyo bila kusoma ukurasa mmoja: brashi ikifika mwisho wa nguzo, mkono huigeuza kidogo ili ukingo uwe safi, na mgeuko huo huacha upana. Ncha pana basi ni alama ya mkono unaosimama, uwe umeshika brashi au patasi.

Katika karne ya 20 sura hiyo ilirudi kwa njia mbili zinazofaa kutofautishwa. Mchoraji wa herufi Mjerumani, Hermann Zapf, alichora michoro ya kwanza ya fonti ya Optima mwaka 1950 baada ya kuona mawe ya makaburi katika kanisa la Santa Croce mjini Florence. Hakuwa na karatasi nyingine, akachora kwenye noti ya lira 1,000. Optima ilitolewa 1958, nayo ni nyepesi, yenye kiuno kinachokonda kwa adabu, na inafaa kwa maandishi marefu kuliko jamaa zake wengi. Njia ya pili ni ya Berthold Wolpe, mzaliwa wa Offenbach, Ujerumani, aliyehamia Uingereza 1935. Wolpe alikuwa fundi wa chuma. Katika vibao vyake vya shaba hakuzichimba herufi ndani. Alikuwa anaondoa chuma kilichozizunguka, herufi zikabaki zimeinuka. Ukifanya kazi namna hiyo huwezi kubakiza serifi nyembamba, kwa maana patasi inayopita kando yake itaivunja. Kinachobaki ni umbo nene, rahisi, lenye kingo kali na ncha zilizopanuka kidogo. Stanley Morison wa Monotype, kampuni ya herufi za chapa, alipoona kazi hiyo alimwomba aigeuze kuwa herufi za chapa, na Albertus ikatengenezwa kwa awamu kati ya 1932 na 1940. Ndiyo inayoonekana leo kwenye vibao vya mitaa vya City of London.

Mimi nilitaka kitu cha ukoo wa Albertus, lakini chenye leseni huria, kwa sababu kikundi hakikuwa na fedha za kulipia fonti na kwa sababu nilijua kwamba nitalazimika kuichokonoa. Nikapata moja, ambayo jina lake halina umuhimu hapa. Uzito wake wa kawaida ulikuwa na herufi zote tulizohitaji. Uzito mnene, ambao ndio niliokuwa nautaka, haukuwa na Ŋ, wala kubwa wala ndogo.

Msomaji asiyeandika Kiganda anaweza kuuliza kwa nini tusiandike tu "ng". Jibu ni kwamba Kiganda kinazitenganisha sauti hizo mbili kama Kiswahili kinavyotenganisha "ngoma" na "ng'ombe". Ile ngoma ndefu nyembamba huitwa engalabi, kwa n na g zinazosikika zote mbili. Neno la jumla la ngoma ni eŋŋoma, lenye sauti ya puani iliyokazwa, bila g. Tahajia sanifu ya Kiganda ya 1947 ina herufi hiyo. Kwenye simu watu huandika "eng'oma", na hakuna anayewalaumu, maana kibodi haikuwapa njia nyingine. Lakini mzee aliniambia kwamba bango si simu, na kwamba mtu aliyewamba ngoma miaka 40 hawezi kuliandika jina lake kwa mkato.

Basi nikaichora Ŋ kubwa mwenyewe, na nikaichora vibaya. Nilichukua N nzito ya fonti ile, nikaishusha nguzo ya kulia, nikaipa ndoano. Ndivyo nilivyokuwa nimeona katika fonti nyingi za Ulaya, na sababu yake inaeleweka: lugha za Wasami wa kaskazini mwa Ulaya hutumia herufi hiyohiyo, na huko umbo linalopendwa ni N yenye mkia. Yunikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake ndani ya kompyuta, imeipa Ŋ ya Kisami na ya Kiganda nafasi ileile, U+014A kwa kubwa na U+014B kwa ndogo, kwa hiyo kompyuta haijui kama inaandika Kisami au Kiganda. Anayejua ni mchoraji wa fonti, kama anajali. Katika uandishi wa lugha za Kiafrika, tangu alfabeti ya Afrika ya 1928 iliyosimamiwa na Diedrich Westermann, mtaalamu Mjerumani wa lugha za Kiafrika, na wenzake, umbo lililozoeleka ni n ndogo iliyokuzwa, yenye tao juu na ndoano chini. Niliyajua hayo yote. Nilikuwa na haraka.

Nilipompelekea mzee karatasi, aliitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya ndoano.

"Mwanangu, hii ni N iliyoota mkia," alisema. "Ŋ tuliyofundishwa ina mgongo."

Mgongo, yaani tao. Nilirudi nyumbani, nikaichora upya usiku huohuo kwa kuikuza n ndogo, nikaihifadhi ndani ya fonti, na asubuhi nikapeleka faili kwenye karakana moja ya mabango jijini. Sikuyageuza maandishi kuwa michoro isiyohitaji fonti, kwa sababu katibu alikuwa bado anabadilisha namba ya simu. Karakana ilikuwa na fonti ileile, toleo la asili lisilo na Ŋ, na jina lake lilikuwa sawa na la toleo langu. Kompyuta yao ilipofungua faili iliona jina inalolijua, ikatumia fonti yake, na ilipofika kwenye Ŋ ikaazima herufi kutoka fonti nyingine nyembamba bila kumwambia mtu. Hivyo ndivyo wale wageni wawili walivyoingia msibani.

Hapa kuna jambo ambalo wasanifu wengi, nami nikiwa mmojawapo, hulichukulia kuwa urasimu. Leseni ya fonti huria ya shirika la lugha la SIL, iliyotolewa mara ya kwanza 2005 na kufanyiwa marekebisho 2007, inamruhusu mtu kuibadilisha fonti na kuisambaza, lakini inampa mwenye fonti haki ya kulihifadhi jina lake, na akilihifadhi, toleo lililobadilishwa lazima liitwe jina jingine. Nilikuwa nimeisoma ibara hiyo kama suala la heshima kwa mchoraji wa kwanza. Kumbe ni kinga ya kazi yenyewe. Kama ningeibadilisha fonti jina kama leseni ilivyotaka, kompyuta ya karakana ingetoa onyo kwamba haiijui, fundi wao angenipigia simu, na turubai lisingechapishwa. Nilikubali kulipia turubai la pili mimi mwenyewe, na sikuona sababu ya kugombana na mtu.

Hata hivyo, turubai hilo la pili halikuchapishwa. Kabla ya kulipa safari hii nilichapisha neno EŊŊOMA kwenye karatasi zilizounganishwa, herufi zikiwa na kimo cha sentimita 20, nikazibandika kwenye ukuta wa kibanda, nikavuka barabara, nikaendelea kurudi nyuma. Kwa hatua 30 lilisomeka. Kwa hatua 60, Ŋ mbili ziligeuka kuwa kitu kama D iliyolala kifudifudi, na dereva wa bodaboda niliyemwomba asome alisema, kwa uhakika kabisa, "EDDOMA".

Ili kuona kwa nini, ni lazima kuingia kwenye hesabu ndogo ya herufi nzito. Tuchukue nguzo nyepesi yenye kiuno cha vipimo 80, vile vidogo anavyotumia mchoraji wa fonti, na ncha za vipimo 104, ambapo ncha imekizidi kiuno kwa asilimia 30. Jicho linaona mchi. Ukiongeza vipimo 80 kila mahali ili kupata uzito mnene, kiuno kinakuwa 160 na ncha 184, na tofauti imeshuka hadi asilimia 15. Mchi umegeuka gogo. Ili kurudisha asilimia 30 ncha inabidi ifike 208, yaani kila upande wa nguzo utokeze vipimo 24 badala ya 12. Mchoraji mzuri hufanya hivyo, na ndiyo maana uzito mnene wa herufi hizi hauwezi kupatikana kwa kunenepesha wepesi, huchorwa upya. Lakini kila kinachoongezwa kwenye ncha hutolewa kwenye nafasi iliyo kando yake. Katika H au N nafasi hiyo ipo. Katika Ŋ yenye mgongo haipo: mguu wa nguzo ya kushoto unatanuka kuelekea kulia, ndoano ya nguzo ya kulia inarudi kuelekea kushoto, na vyote viwili vinakutana mlangoni mwa uwazi wa ndani. Karibu, mlango huo unaonekana. Mbali, umefungwa, na herufi iliyofungwa chini huku ikiwa na tao juu si Ŋ tena.

Nilijaribu kuishusha ndoano chini ya mstari wa msingi, ule ambao herufi husimama juu yake, kama ilivyo katika herufi ndogo. Mlango ulifunguka, lakini mikia miwili iliyoning'inia iligonga mstari wa Kiswahili uliokuwa chini yake, na kuusogeza mstari huo kulifanya bango lionekane kama matangazo mawili yasiyojuana. Nikajaribu kuipunguza ndoano, ikawa kama mguu ulioteguka. Nikaipunguza herufi nzima uzito, na hapo nikarudi kwenye kosa la bango la kwanza kwa hiari yangu mwenyewe. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mimi nilikuwa nimeivutia kwenye ile fonti niliyoipenda. Mtu mwingine angekwisha kuiacha.

Aliyetoa jibu ni mchongaji wa kikundi, na hakujua kama anatoa jibu. Baada ya mkasa wa turubai wenyewe waliamua kwamba bango la watu wanaochonga mbao liwe la mbao. Walipata ubao mrefu wa mvule, nikawabandikia karatasi yangu yenye kasoro zake zote kama mfano wa kuanzia, na mchongaji akaanza kuondoa mbao iliyozunguka herufi ili zibaki zimeinuka, ile njia ya Wolpe, ambayo mafundi wa huku huitumia kwa nakshi bila kuhitaji jina lake. Nilirudi baada ya siku tatu. Katika zile Ŋ mbili alikuwa hakuifuata karatasi. Mguu wa kushoto aliutanua upande wa nje tu. Upande wa ndani aliuacha umesimama wima, kwa sababu, alivyonieleza, patasi yake pana haikuweza kuingia mlangoni bila kupasua ndoano. Ndoano yenyewe haikuwa na mviringo wa kumalizia. Ilishuka, ikapinda mara moja, ikakatwa kwa mkato mmoja wa mshazari, ncha yake ikiwa pana na kali kama ncha ya herufi nyingine yoyote kwenye ubao ule.

Nilisimama hatua 60 upande wa pili wa barabara. Ilisomeka EŊŊOMA, na bado ilikuwa nzito.

Nikiangalia nyuma, kosa langu katika mchoro lilikuwa kuichukulia ndoano kama pambo lililoongezwa kwenye herufi iliyokamilika, na kwa hiyo niliimalizia kwa mviringo mororo ambao haukuwepo mahali pengine popote katika fonti nzima. Herufi zenye ncha pana zina kanuni moja, kwamba kila kiharusi huishia kwa mkato wa chombo. Yeye hakuwa na kanuni hiyo kichwani; alikuwa na chombo. Nilipiga picha, nikapima, nikaichora Ŋ upya kwa kufuata ubao: mguu wa kushoto una vipimo 24 nje na sifuri ndani, ndoano inasimama juu ya mstari wa msingi, na mkato wake una mshazari uleule wa ncha ya C. Kwa jicho la mtu aliyesomea usanifu mguu huo wa upande mmoja ni mlemavu kidogo. Ndani ya neno hauonekani. Na fonti sasa ina jina lake jipya, kama leseni inavyotaka.

Yaliyobaki yalikuwa ya nafasi baina ya herufi, kazi ya kuchosha ambayo nitaipitia haraka. Kiganda hukaza konsonanti kwa kuziandika mara mbili, kwa hiyo kila ukurasa una gg, kk, ss, tt na ff, jozi ambazo mchoraji wa Ulaya hazipi uzito uleule. Katika ZAFFE, mkono wa juu wa F ya kwanza, ukiwa na ncha yake pana, ulikuwa unagusa nguzo ya F ya pili. Tuliukata kidogo badala ya kuzitenga herufi. Kwa Kiswahili shida ilikuwa kibainishi cha ng'. Katika fonti nzito za ukoo huu alama hiyo huchorwa kama kabari nene, na pembeni yake huachwa nafasi pana kwa kuwa Kiingereza huitumia karibu na mwisho wa neno. Katika "ng'ombe" nafasi hiyo hulipasua neno vipande viwili, na kijitabu kinachozungumzia ngozi ya ng'ombe kingekuwa na mipasuko kila ukurasa. Niliipunguza nafasi hiyo kwa karibu nusu, na kabari nikaifanya nyembamba.

Ila mwishowe kijitabu hakikutumia herufi hizo isipokuwa kwenye jalada na vichwa vya sura. Katibu alitaka zitumike kote, ili, kwa maneno yake, kitabu kifanane na bango, na ilibidi nimwonyeshe kwa rula. Kwenye ubao wenye herufi za sentimita 20, vile vipimo 24 vya kutanuka ni takriban milimita 7, upana wa penseli. Mtu anaviona kutoka kwenye basi. Kwenye ukurasa wa pointi 9, vipimo vilevile ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita, na karatasi ya bei nafuu inayonyonya wino huvimeza vyote. Kinachobaki ni unene mtupu, na matundu ya a na e, herufi ambazo Kiswahili hakiwezi kupumua bila hizo, huziba. Tulichapisha ukurasa wa majaribio katika mojawapo ya mitaa ya wachapaji jijini, na baada ya aya mbili katibu mwenyewe alisema macho yamemchoka. Maandishi ya ndani yakapangwa kwa fonti ya Charis SIL, iliyotokana na fonti ya Charter ya Matthew Carter ya 1987: imara, haina majivuno, na ina Ŋ ya maumbo zaidi ya moja, ile yenye mgongo ikiwemo.

Lebo haikuleta shida, kwa kuwa ina maneno machache na makubwa. Chapa ya moto ilihitaji fikra tofauti. Patasi hupunguza mbao kwa mpaka ulio wazi, lakini moto husambaa. Chuma kikikaa sekunde moja zaidi, kila pembe kali huwa duara na kila uwazi hupungua. Tuliamua chapa iwe na herufi moja tu, Ŋ, yenye kimo cha sentimita 4, na kwa ajili yake nilichora umbo la pekee ambalo kiuno chake ni chembamba kuliko cha bango na ncha zake zimetiwa chumvi kupita kiasi. Kwenye karatasi linachekesha, kama mchi uliochongwa na mtoto. Likiungua kwenye mbao linarudi kuwa herufi ya bango, kwa sababu moto hukinenepesha kiuno na kuzila ncha. Mchomeleaji alirudia chuma hicho mara mbili hadi mlango wa chini ukabaki wazi.

Ubao wa mvule umesimama kwenye nguzo zake hadi sasa, na rangi nyeupe ya herufi imeanza kuchukua vumbi jekundu la barabara, jambo ambalo kwa maoni yangu limeufaa. Yule mchongaji ameanza kuzichonga herufi hizohizo kwenye shingo za engalabi kwa wateja wanaotaka majina yao, bila karatasi yangu, na K yake ni nzuri kuliko yangu. Kuna chuma kimoja cha chapa ambacho sikukitaja. Kilitengenezwa mapema, kwa mchoro wangu wa kwanza kabisa, ile N iliyoota mkia, kabla mzee hajaiona. Niliomba nikichukue, wakakataa kwa kuwa kilikwisha kulipiwa. Wamekipatia kazi: ngoma ikipasuka wakati wa kukauka na haifai kuuzwa, hugongwa chapa hiyo chini ya kitako, ili mtu asije akaichanganya na nzima.